UZI: Ukipa wa lakrosi, kuanzia miguu hadi kichwani. Tuelezane kwa undani

NyavuKireka

Ndugu zangu, salaam. Kwa wageni, lakrosi ni mchezo wa kudaka na kurusha mpira kwa fimbo yenye wavu kichwani. Uganda ilikuwa nchi ya kwanza ya Afrika kucheza mashindano ya dunia ya lakrosi ya wanaume, kule Denver mwaka 2014. Sasa mchezo umeingizwa kwenye Olimpiki ya Los Angeles 2028 kwa mtindo wa wachezaji sita sita. Pamoja na hayo, kipa bado tunamfundisha kwa neno moja: "zuia". Mtoto anavalishwa kinga, anasimamishwa golini, anaanza kurushiwa. Ukipa ni ufundi, na ufundi una hatua zake. Nafungua mimi, wenye ujuzi waongeze.

Tuanze na hesabu, maana inaeleza mengine yote. Goli lina upana wa mita 1.83 na kimo hichohicho. Mpira ni raba ngumu ya gramu 142 hadi 149. Shuti la kilomita 130 kwa saa likipigwa kutoka mita 10 linafika golini kwa sekunde 0.28. Jicho na ubongo peke yake vinakula karibu sekunde 0.2. Kinachobaki hakitoshi kurekebisha mguu uliokaa vibaya. Kwa hiyo sehemu kubwa ya kazi ya kipa inafanyika kabla mpira haujatoka kwenye fimbo ya mpigaji: umesimama wapi, umesimamaje, macho yako yako wapi, na umetulia au bado unahangaika.

Kusimama. Miguu ipanuke kuzidi mabega kidogo tu. Ukiipanua sana huwezi kupiga hatua bila kwanza kuivuta ndani, na huko kuivuta ndiko kunakokula muda. Magoti yalegee, uzito uwe mbele ya nyayo, visigino viguse ardhi kwa wepesi kiasi cha karatasi kupita chini yake. Mgongo usipinde kama wa mtu anayepalilia. Kiuno kishuke kidogo, kifua kimtazame mpigaji.

Mikono. Wa juu ushike shingoni mwa fimbo, pale mpini unapoingia kwenye kichwa. Wa chini uwe sentimita 30 hivi chini yake. Yote miwili ikae mbele ya kifua, sentimita 15 hadi 20, isigandame mwilini. Kichwa cha fimbo kiwe usawa wa sikio, uso wake wote ukiuelekea mpira. Ushikaji uwe wa vidole, si wa kukaza kiganja. Kipa anayebana fimbo hadi vifundo kuvimba anachelewa, kwa sababu msuli uliokwisha kukaza lazima ulegee kwanza ndipo uende.

Kosa ninaloliona zaidi kwa wanaoanza ni mkono wa chini kuganda kwenye paja. Ukiganda pale fimbo haizunguki, inabembea tu kama mlango. Mipira yote ya chini inapita.

---

KochaTororo

Asante NyavuKireka. Naendelea na hatua na mikono, maana hapo ndipo kipa anapotengenezwa au kuharibiwa.

Mpira ukitoka, mkono wa juu ndio unaotangulia. Uambie mkono huo uende kuupokea mpira, fimbo itafuata yenyewe. Sambamba nao, mguu wa upande ule mpira unakokwenda unapiga hatua fupi ya mshazari, digrii 45 kwenda mbele. Usiende pembeni tupu na usirudi nyuma. Mguu wa pili unafuata mara moja, miguu inarudi kwenye upana wake, na mwili unakuwa nyuma ya fimbo. Fimbo ikikosa, mwili unabaki kuwa ukuta wa pili.

Sasa sehemu kwa sehemu, nikimchukulia anayeshika mkono wa kulia juu. Wa kushoto ageuze.

Juu kulia, upande wa fimbo: sukuma mkono wa juu mbele na juu kidogo, basi. Watu wanakosa mpira huu kwa kuzungusha fimbo bila sababu, ilhali kichwa chake kilikuwa palepale.

Juu kushoto: kichwa cha fimbo kipite mbele ya uso wako kwa njia iliyonyooka. Kisishuke kwanza ndipo kipande. Mkono wa chini unavuka kwenda kulia ili kupisha.

Kiunoni kulia: kichwa kinashuka ubavuni, kiwiko cha kulia kinatoka nje. Usikibane kwenye mbavu.

Kiunoni kushoto ndio mpira mgumu kuliko yote, na wapigaji wazuri wanalijua hilo. Mkono wa juu unakata mbele ya tumbo kwenda kushoto, wa chini unapanda kuelekea kwapa la kulia, fimbo inalala karibu mlalo. Hatua ya mguu wa kushoto isikosekane. Wengi hapa wanazungusha mikono huku miguu imeota mizizi, mpira unapita kati ya fimbo na nyonga.

Chini kulia: kichwa cha fimbo kizunguke hadi chini karibu na kidole gumba cha mguu, kitako cha fimbo kipande upande wa kushoto. Chini kushoto: mzunguko wa pili, kichwa kinapita mbele ya mwili hadi chini kushoto, na mkono wa chini unaishia karibu na kwapa la kulia. Kwa mipira yote ya chini, shuka kwa kukunja magoti. Ukiinama kwa mgongo kichwa chako kinaanguka na macho yanauacha mpira.

Mpira wa kudunda nimeuacha mwisho makusudi. Unataka kukutana nao karibu na pale unapogusa ardhi, kabla haujapanda. Hatua ya mbele iwe ndefu kidogo, kichwa cha fimbo kiende chini na kielemee mbele, kifua kifunike juu yake. Ukisubiri uone utaruka kiasi gani, umekwisha. Viwanja vyetu vya murram vinaongeza ugumu: wakati wa kiangazi changarawe inaurusha mpira upande wowote, na kwenye mvua za Machi hadi Mei udongo mwekundu ukilowa mpira unateleza chini bila kuruka. Kabla ya mechi chukua mipira mitano, idundishe mwenyewe mbele ya goli lako, kushoto, kati na kulia. Dakika mbili zinatosha kujua ardhi inasemaje. Nyasi ndefu zinaumeza mdundo, hapo fimbo ianzie chini zaidi.

---

ChipukiziGulu

Shikamooni. Nina swali kuhusu kipa wetu wa shule. Yote haya anayajua akiwa bila mpira, hata mbele ya kioo anafanya vizuri. Shuti likija anageuza uso na kufumba macho. Tumemwambia mara nyingi asiogope. Tufanyeje?

---

DadaMbale

Marahaba mdogo wangu. Kwanza acheni kumwambia asiogope. Kufumba macho ni mwili unajilinda, hakukatazwi kwa maneno. Kunaondolewa kwa kuuzoesha mwili kidogo kidogo, na kwa kumpa kinga anayoiamini.

Kinga kwanza. Kofia ngumu yenye kinga ya koo inayoning'inia, kinga ya kifua, glavu zenye kidole gumba kilichoimarishwa, na kwa wavulana kikombe cha kinga ya sehemu za siri. Kinga ya kifua isiwe ya kubahatisha. Mpira ukimpiga mtu juu ya moyo katika sehemu fulani ndogo ya pigo la moyo, unaweza kuuvuruga mpangilio wake hadi usimame, hata kama mbavu hazina mchubuko. Ukinunua ya mtumba tafuta alama ya NOCSAE ND200 kwenye lebo, ndiyo alama ya kiwango cha kinga dhidi ya pigo hilo la moyo. Za zamani hazina alama hiyo, na kule kuwa nene tu si dhamana. Mchezaji akianguka baada ya kupigwa kifuani na hajibu wala hapumui vizuri, msimpepee na msimmwagie maji. Anzeni kukandamiza katikati ya kifua mara moja, mara 100 hadi 120 kwa dakika, mwingine aite msaada na mashine ya kushtua moyo kama ipo karibu.

Halafu mazoezi. Wiki ya kwanza atumie mipira ya tenisi tu, akiwa amevaa kinga zote. Mrushaji asimame mita 5 na amrushie kwa mkono, makusudi kwenye kifua, mapaja na barakoa ya kofia, naye asitumie fimbo wala mikono. Kazi yake ni moja: kuuona mpira hadi umguse. Mara 30, kisha apumzike. Andikeni namba kwenye mipira kwa kalamu nene, kila mpira ukimgusa ataje namba. Akifumba macho hawezi kuitaja, na hapo hakuna haja ya kumgombeza, mpira wenyewe umemwambia.

Wiki ya pili ashike fimbo, mipira bado ya tenisi, sasa ipigwe kwa fimbo. Wiki ya tatu mpira halisi kwa mwendo wa nusu, kutoka mita 10. Mkirudi nyuma hatua moja kwa sababu ya mpira uliomuuma, si hasara. Mnaoharibu ni nyinyi mnaompigia kwa nguvu zote siku ya kwanza ili "azoee". Hazoei. Anajifunza kugeuza uso.

Na mapaja yataumia. Hakuna kinga ya kawaida ya paja kwa wengi wetu. Suruali nzito ya mazoezi yenye sponji inasaidia siku za mazoezi, na haipunguzi mwendo.

---

AfandeJinja

Nimesoma yote. Hakuna aliyegusa pembe, na pembe ndiyo nusu ya ukipa.

Chora upinde mbele ya goli kutoka nguzo hadi nguzo. Kwenye upinde huo weka vituo vitano: nguzo ya kushoto, mshazari wa kushoto, kati, mshazari wa kulia, nguzo ya kulia. Mpira ukitembea nje, kipa anatembea juu ya upinde kwa hatua fupi za kuburuza, miguu haivukani. Ukifika nguzoni bega na nyonga viguse chuma, pasipite hata kidole. Kila mara unapopita gusa nguzo kwa kitako cha fimbo, ndiyo njia ya kujua ulipo bila kugeuka.

Upinde uwe na kina gani? Hesabu ni hii. Mpigaji yuko mita 10, kipa yuko kwenye mstari wa goli: anatakiwa kuziba upana wote wa mita 1.83. Akisogea mbele mita 1.2, upana unaobaki kwake ni mita 1.61. Ameokoa sentimita 22. Mpigaji akiwa mita 5, hatua ileile ya mita 1.2 inabakiza mita 1.39, ameokoa sentimita 44. Kwa hiyo kutoka mbele kunalipa zaidi mpigaji akiwa karibu. Kipa mfupi atoke, asikae mstarini akijinyoosha.

Zoezi la kufundisha pembe halihitaji hata shuti. Chukua kamba mbili za katani, funga moja kila nguzo usawa wa kiuno, zilete zote kwenye fimbo ya mtu aliyesimama mita 9. Kipa asimame kati ya kamba. Akiwa katikati barabara, umbali kutoka nyonga hadi kamba ni sawa pande zote. Kisha mwenye fimbo ahame kushoto hatua tatu, kipa ajirekebishe, mtazame tena. Fanyeni sehemu 10. Wengi watashangaa walivyokuwa wamesimama mguu mzima nje ya mahali pao.

Na zingatia neno nililotumia: kamba zinaletwa kwenye FIMBO ya mpigaji, si kifuani pake. Mpigaji wa mkono wa kulia akirusha kwa ubavu, mpira unatoka karibu mita nzima kulia kwa mwili wake. Kipa anayeulenga mwili ameacha upande mmoja wazi. Macho yakae kwenye kichwa cha fimbo, pale mpira ulipo, tangu anapoupokea. Mpigaji akishusha mikono, tarajia mpira wa kupanda au wa chini kwa chini. Akirusha kutoka juu ya bega, mpira wa kudunda upo mlangoni. Usiondoke kwa kukisia, weka tu akilini.

---

NyavuKireka

Afande, hesabu yako naikubali, ila kwa wanaoanza naogopa upinde wa mita 1.2. Kutoka mbele kunakula pia muda: mita 1.2 kwa shuti la kilomita 130 ni sekunde 0.03, na tumeona sekunde zilizobaki ni chache. Tena mpira ukipigwa pasi ya upande wa pili, anayetembea kwenye upinde mrefu ana njia ndefu ya kwenda. Mimi naanza nao sentimita 60 hadi 70 mbele ya mstari, wakishajua kutulia kabla ya shuti ndipo natoa zaidi.

---

AfandeJinja

Kwa anayeanza sina ubishi. Kwa kipa mrefu pia naweza kukubali upinde wa bapa. Ninachokikataa ni kipa mmoja kutumia kina kimoja kwa mashuti yote. Mpigaji wa mita 12, kaa nyuma upate muda. Aliyevunja ukuta na yuko mita 4 peke yake, toka, jaza goli, halafu simama kabla hajarusha. Aliye katika mwendo wakati wa shuti hazuii kitu, awe mbele awe nyuma.

---

FundiKatwe

Mafundi wa maneno mmesema, mimi nizungumzie vifaa.

Fimbo ya kipa wa wanaume kwa kanuni ni sentimita 102 hadi 183, kichwa kinaruhusiwa kuwa kipana kuliko cha wachezaji wengine. Wengi wananunua ndefu kwa sababu inarusha mbali. Kitako kirefu kinagonga nguzo na tumbo wakati wa kuzungusha. Kwa kijana wa shule, sentimita 110 hadi 120 zinamtosha. Kata kwa msumeno wa chuma, piga tupa kingo, funga kitakoni kifuniko cha raba au utepe mnene. Mpini ulio wazi ni bomba, unakata mtu, na mwamuzi hataukubali.

Mfuko, yaani bonde la wavu kwenye kichwa cha fimbo. Kina kizuri cha kuanzia ni mpira mmoja na nusu, sehemu ya chini kabisa iwe katikati ya kichwa cha fimbo. Mfuko ukiwa mgumu na bapa mpira unaruka kurudi kwa mshambuliaji. Ukiwa mrefu kama mfuko wa viazi, mpira unanasa na pasi inakwenda chini kwenye majani. Jaribio: shika fimbo mlalo, dondosha mpira kutoka kimo cha macho. Ukiruka nje, legeza kamba za pembeni. Kisha rusha pasi 10 za mita 25. Zikianguka karibu miguuni mwa mpokeaji, kamba za kurushia (zile zinazokatiza wavu karibu na ncha ya kichwa) zimebana kupita kiasi au ziko chini mno. Zikipaa, kaza kamba ya juu kidogo. Badili kitu kimoja kwa wakati mmoja, la sivyo hujui kilichotengeneza.

Mvua ni adui wa wavu laini, unalowa, unarefuka, na mfuko ulioutengeneza wiki nzima unapotea. Baada ya mazoezi kamua, weka mpira ndani ya mfuko, tundika kivulini. Usianike juani wala karibu na sigiri.

Goli la kuchomelea: bomba la chuma la inchi 2, ndani kwa ndani sentimita 183 kwa 183. Mwambie mchomeleaji apime NDANI, nimeona magoli yaliyopimwa nje yakapungua sentimita 10. Apige tupa maungio yote, halafu rangi ya chungwa. Kwa wavu, nyuzi za uvuvi zinafaa, ila angalia mashimo. Mpira una kipenyo cha sentimita 6.3 hivi, mashimo yasizidi sentimita 4. Nyavu za sangara zina mashimo makubwa, mpira unapita bila salamu. Uzi mwembamba nao unakatika baada ya mashuti mia. Tafuta mnene, na kunja mara mbili sehemu za chini kwenye pembe, pale ndipo panapochoka mapema.

---

ChipukiziGulu

Asanteni sana. Namba kwenye mipira tutazianza Jumatatu. Upande wa akili je? Akifungwa magoli mawili mfululizo anazima kabisa.

---

DadaMbale

Hapo nina mengi.

La kwanza ajue kipimo cha mchezo wenyewe. Huu si mpira wa miguu ambako magoli matatu ni maafa. Kwenye lakrosi kipa anayezuia nusu ya mashuti yanayolenga goli anafanya kazi nzuri, anayezidi asilimia 60 ni hodari sana. Maana yake hata hodari anaokota mpira wavuni mara nyingi katika kila mechi. Kipa asiyeambiwa hivi anadhani kila goli ni kosa lake.

La pili, awe na utaratibu wa baada ya goli, uleule kila mara, usiozidi sekunde 20. Kwa mfano: atoe mpira wavuni mwenyewe na kumpa mwamuzi, asimwachie mwingine auokote. Ageuke atazame goli tupu, avute pumzi kwa hesabu ya 4, aitoe kwa hesabu ya 6, mara mbili. Ajiulize swali moja tu: niliuona ukitoka kwenye fimbo? Kama ndiyo, aendelee. Kama hapana, neno la shuti linalofuata ni "fimbo", yaani macho yakae kwenye fimbo. Aguse nguzo ya kushoto, aguse ya kulia, ageuke. Hapo goli lile limeisha. Utaratibu huu aufanye mazoezini pia, baada ya kila goli. Ukianza kutumiwa siku ya fainali hauna nguvu.

Ajisemeshe kwa maneno ya kutenda: "mikono mbele", "tulia", "hatua". "Usikose" ni neno baya, halimwambii mwili afanye nini.

La tatu ni daftari. Mtu aliye pembeni achore mraba, augawe sehemu tisa, kila shuti aweke alama: limezuiwa au limeingia, limetoka upande gani, umbali gani. Baada ya mechi nne hadithi inaonekana. Ikiwa magoli mengi yameingia kiunoni upande usio na fimbo, mmepata zoezi la wiki. Ikiwa mengi ni ya chini pande zote, ni miguu au mkono wa chini. Ikiwa mengi yamepigwa kutoka mita 4, mwacheni kipa, mabeki ndio wa kuzungumza nao. Daftari linamtoa kipa kwenye hisia na kumpeleka kwenye kazi.

Kocha na wachezaji wenzake wana sehemu yao. Kipa asilaumiwe uwanjani, naye asiwapigie mabeki kelele baada ya goli. Maneno yasubiri mapumziko.

---

KochaTororo

Niongeze jambo ambalo dawa yake ni ya akili na ya ufundi pamoja: sauti. Kipa anayezungumza muda wote hana nafasi ya kuwaza goli lililopita.

Kubalianeni lugha moja. Timu zetu zina Waganda, Waacholi, Wateso, Wagisu, wengine wamekulia Kiingereza. Chagueni maneno mafupi ya kutaja mpira uko wapi, na yawe hayohayo: "juu kati", "juu kulia", "kulia", "nyuma", "kushoto", "juu kushoto". Kulia ni kwa kipa, si kwa beki anayemtazama. Mpira ukihama, neno linabadilika. Beki akipitwa, kipa aite jina la anayekwenda kusaidia, kwa mfano "Okello nenda!", na wa pili ajaze nafasi. Sekunde ya shuti sauti inyamaze, macho yafanye kazi. Kipa anayepiga kelele huku shuti linatoka hajatulia.

Akishadaka: aite "mpira!" ili mabeki wageuke. Kwa wanaume ana sekunde 4 ndani ya duara linalozunguka goli, kwa wanawake 10. Akitoka na mpira haruhusiwi kurudi nao ndani. Sekunde ya kwanza atazame mbali kati ya uwanja, ya pili mabawa, ya tatu beki wa karibu, na kama wote wamezibwa atoke kwa miguu upande usio na presha, au azunguke nyuma ya goli. Pasi iende bega la nje la mpokeaji, mbali na mshambuliaji. Pasi ya kupita mbele ya goli lako mwenyewe ni marufuku, ikikatwa huna hata muda wa kugeuka.

Na kwa wale wa sita sita: uwanja ni mita 70 kwa 36, saa ya shambulio sekunde 30, na baada ya goli mchezo unaanzishwa na kipa. Kipa anayelalamika wakati wenzake wanakimbia anawanyima shambulio zima. Utaratibu wa Dada wa sekunde 20 kule haufai, ukateni ubaki pumzi moja na neno moja, huku mkono unaokota mpira.

---

ChipukiziGulu

La mwisho wakubwa. Mpira ukiwa nyuma ya goli anazunguka kama pia, pasi ikija mbele amechelewa.

---

AfandeJinja

Anazunguka kwa sababu anaufuata mpira angani. Mpira ukiwa nyuma, ageuke autazame, asimame katikati ya goli, hatua moja kutoka mstarini, fimbo juu karibu na mtambaa panya ili akate pasi fupi. Kila sekunde mbili atupe jicho mbele mara moja ajue nani yuko wapi. Mwenye mpira akitembea kulia, naye asogee kulia kwa hatua za kuburuza.

Pasi ikitoka, kichwa kigeuke kwanza, kwa njia fupi, kimtafute mpokeaji na fimbo yake. Mpira ulio hewani hauna faida kuutazama. Miguu ifuate kwa mruko mmoja mfupi, itue ikiwa tayari kwenye upana wake, mikono mbele, pembe ya mpokeaji mpya. Kwa pasi za karibu sana hatakuwa na nafasi ya hatua, basi ajaze nafasi kwa mwili na fimbo iende juu, maana wapokeaji wa karibu wengi wanarusha juu.

Zoezi: mmoja nyuma ya goli, wawili mbele mita 6, kushoto na kulia. Bila shuti kwanza, pasi 20, anayepokea anahesabu kimoyomoyo "moja" kisha anaangalia kama kipa ametua. Kisha mashuti ya tenisi 20. Kisha mpira halisi 10.

---

KochaTororo

Na kabla ya mechi mpasheni misuli ipasavyo, dakika 15. Mpigaji mmoja tu, mtu mwenye kulenga, mita 9 hadi 11, nguvu ya asilimia 70. Mipira minne juu upande wa fimbo, minne juu upande wa pili, minne kiunoni kila upande, minne chini kila upande, minne ya kudunda kila upande, halafu kumi bila mpangilio. Kazi ya mpigaji ni kumpa kipa macho na mikono, asishindane naye. Wachezaji wengine wasijipange kumpigia kwa zamu, ndipo vidole vinapovunjika kabla ya filimbi.